Ndoo, Mwambie Aliye Juu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Ukiwa jikoni, punguza moto. Ukiwa kazini, pumzisha mikono kidogo, bosi akiuliza mwambie ni sisi tumekuomba. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa akibeba maji. Hayakuwa maji ya kunywa, wala ya kupikia. Yalikuwa maji ya kuoshea madirisha.

Mama huyo ametutoka wiki iliyopita, asubuhi, kitandani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwa ndugu. Mtaani tulimwita Bi Ndoo, na akiitwa hivyo aliitika bila kinyongo. Alisema, "Kuna watu wanaitwa kwa majina ya nyumba zao. Mimi nimeitwa kwa jina la kazi yangu, na kazi yangu haivuji."

Bi Ndoo alikuwa mbeba maji. Aliyekuwa akipanda ngazi na kuosha vioo ni mdogo wake wa kiume, yule ambaye mtaa mzima unamfahamu kwa jina la Kioo. Dada chini na ndoo, mdogo wake juu na kitambaa. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi maisha yao yote. Walianza tangu nywele zao zikiwa nyeusi, mpaka zikawa nyeupe.

Mzunguko wao ulianzia kwa fundi wa nguo, ukapita duka la dawa, ukaenda kwenye zile nyumba za ghorofa, ukamalizikia kwa kinyozi. Asubuhi na mapema Bi Ndoo alikuwa ameshaviringisha kitambaa kichwani na kujitwika ndoo juu yake. Mkononi alishika ndoo nyingine ndogo, ya kusuuzia. Na alikuwa na sheria yake. Maji ya duka moja hayaingii duka la pili. Akimaliza dirisha la fundi, maji yale alikuwa akiyamwaga barabarani kutuliza vumbi, kisha akarudi nyumbani kuteka mengine. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka jua linachoka kabla yake.

Mdogo wake alikuwa akimtania. "Dada, bomba liko hapo, pua na mdomo. Wewe unazunguka kama unatafuta mchumba!"

Bi Ndoo naye alimjibu, "Wewe osha. Mambo ya chini niachie mimi."

Na mambo ya chini yalikuwa mengi, wasikilizaji. Alikuwa akikanyaga mguu wa ngazi ili isiteleze. Msimu wa baridi alichanganya maji na ya moto kutoka kwenye birika, ili vidole vya mdogo wake visife ganzi. Tena yeye ndiye aliyekuwa jicho. Aliyesogeleana na kioo haoni alama za kitambaa. Anayeziona ni yule aliyesimama chini, mbali kidogo. Kwa hiyo kutwa ungemsikia: "Kulia kidogo. Hapo. Rudia. Umeruka kona, wewe, kona nayo ina haki yake!"

Sasa tuje kwenye lile jambo. Familia imeturuhusu tulisimulie. Kioo mwenyewe ametuambia, "Semeni. Nilisema mbele za watu, nanyi semeni mbele za watu."

Siku moja walikuwa mbele ya kibanda cha fundi wa nguo. Kioo yuko juu ya ngazi, dada yake ameikanyaga chini. Akapita bwana mmoja mwenye jengo jipya, jengo limejaa vioo kuanzia chini mpaka juu. Akasimama, akasifu kazi. Akasema angependa waje na kwake. Kisha akamwangalia Bi Ndoo, akauliza, "Na huyu mama, naye ni fundi?"

Kioo alikuwa amelewa sifa. Alicheka kule juu, akajibu, "Huyu? Huyu wa kubeba maji tu."

Yule bwana akacheka. Wateja wa fundi wakacheka. Fundi wa nguo, ambaye alikuwepo, anasema yeye hakucheka, ila anakiri kwamba alitabasamu. Bi Ndoo aliendelea kukanyaga ngazi mpaka mdogo wake akashuka salama. Akamwaga maji, akaenda kuteka mengine. Kazi ikaisha. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakutoa neno, na Kioo alidhani jino linamsumbua.

Halikuwa jino. Alikuwa amekatwa maini. Kumbukeni, wasikilizaji, huyu ni dada mkubwa. Mama yao alipokuwa akitoka kwenda kwenye vibarua, aliyebaki na mtoto ni yeye. Binti wa Bi Ndoo anakumbuka mama yake alivyosema jioni ile, akipepeta mchele, bila hata kuinua macho: "Nimembeba yeye mgongoni kabla sijabeba maji yake. Leo mimi ni wa kubeba maji tu."

Kesho yake watu walidhani hatakwenda kazini. Alikwenda. Ndoo kichwani, kama kawaida. Ila alikuwa ameapa hatasema tena na mdogo wake. Na utaoshaje madirisha bila kuambiwa alama iko wapi? Hapo ndipo Bi Ndoo alipoweka ndoo chini, akaiinamia, akaiambia kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara:

"Ndoo, mwambie huyo aliye juu, kona ya kushoto ina mstari."

Kioo akaduwaa. Akatazama chini. Akaona dada yake anaitazama ndoo. Naye ana kichwa kigumu, damu ni ile ile. Akajibu, "Ndoo, mwambie huyo aliye chini, nimeuona."

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Miaka, wasikilizaji. Miaka! Dada na mdogo wake wanafanya kazi moja, ngazi moja, na mazungumzo yote yanapitia kwenye ndoo. Fundi wa nguo anatuambia, "Wateja walikuwa wakiniletea nguo ambazo hazijachanika. Wamekuja kusikiliza ndoo."

Tunacheka, na wao wenyewe walikuwa wakichekesha. Lakini chini ya kicheko kile palikuwa na mtu aliyeumia. Binti yake alimsihi sana. Alimwambia, mama, msamehe mjomba, damu ni nzito kuliko maji. Bi Ndoo akamjibu, "Aliyesema damu ni nzito kuliko maji hajawahi kubeba ndoo." Kisha akaongeza kwa upole, "Nimemnunia yeye, sijainunia kazi. Sitaki anipigie magoti. Alitoa neno barabarani, watu wanasikia. Nataka alirudishe barabarani, watu wanasikia. Basi."

Hilo tu ndilo alilotaka. Neno lirudi lilikotoka.

Na msidhani aliacha kumtunza. Baridi ikija, birika lilikuwa jikoni na maji ya moto yalichanganywa. Binti yake alikuwa akimuuliza, "Si umemnunia?" Naye, "Vidole vyake havijanikosea kitu."

Ikatokea siku Bi Ndoo akashikwa na homa, akashindwa kuinuka. Kioo akasema moyoni, maji ni maji, leo nitajisaidia. Akabeba ngazi yake mpaka duka la dawa. Akafungua bomba la pale pale, lile la pua na mdomo. Akaosha kioo kikubwa cha mbele, akakausha, akashuka. Jua lilipopiga, dirisha likaota madoa meupe tangu juu mpaka chini. Akarudia. Yakarudi. Akabadilisha kitambaa, akaongeza sabuni, akasugua mpaka jasho likamtoka. Yakarudi tena.

Mama wa duka la dawa akatoka nje, akasimama na mikono kiunoni. "Fundi, leo umeniosha au umenipaka chokaa?"

Kioo akakunja kitambaa chake. Umri wote ule alijua kung'aa kwa vioo kunatoka kwenye mkono wake. Maji yalikuwa yakimkuta tu pale chini ya ngazi, na hakuwahi kuuliza yametoka wapi. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa dada yake. Hakuingia chumbani. Alisimama mlangoni, akaitazama ndoo iliyokuwa imefunikwa kando ya kitanda.

"Ndoo," akasema taratibu, "muulize dada, maji hutoka wapi?"

Binti alikuwepo. Anasema mama yake alicheka, homa na yote, mpaka akapaliwa. Kisha akageukia ndoo.

"Ndoo, mwambie ni ya mvua. Yanatoka kwenye mapipa ya marehemu mama, nyuma ya nyumba. Ya bomba yana chumvi. Na ayachuje kwa kitambaa, kuna majani kutoka kwenye bati."

Ndiyo ile safari ya kuzunguka, wasikilizaji wapendwa. Ndiyo kwenda na kurudi. Bi Ndoo alikuwa akilipita bomba kila siku, akaenda nyumbani kwenye mapipa, akarudi na maji ya mvua kichwani. Hakuwahi kumwambia mtu. Mdogo wake aliposimama na kusifiwa, yeye alijua nusu ya sifa ile imelala ndani ya ndoo, na hakudai. Aliiacha ikapita, mpaka siku ile alipoitwa wa kubeba maji tu.

Kioo aliondoka pale mlangoni. Usiku huo Bi Ndoo alimwambia binti yake, "Ameuliza. Hilo nalo ni jambo. Lakini lile jingine bado."

Akapona, akarudi kwenye mzunguko. Mambo yakalainika kidogo. Kioo akawa anapokea ndoo kutoka kichwani kwa dada yake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Siku nyingine alifungua mdomo kama anayetaka kusema, kisha akaufunga, akapanda ngazi. Tulimuuliza kwa nini. Akasema, "Kila siku nilimwona yupo. Mtu akiwa yupo, unajiambia kesho."

Wiki iliyopita kesho yake ikakatika.

Nyumba ya Bi Ndoo ina dirisha moja la mbele, linatazama barabara. Dirisha hilo lilikuwa na vumbi la miaka. Mama aliyebeba maji ya madirisha ya watu wote hakutaka kuoshewa la kwake na mtu aliyemnunia, na yeye mwenyewe magoti yalikuwa hayamruhusu tena kupanda. Asubuhi ya mazishi, kabla waombolezaji hawajajaa, Kioo alifika na ngazi. Akaiegemeza ukutani. Watu wakajua anapanda.

Hakupanda. Alimwita mpwa wake, akampa kitambaa na mpira wa kukaushia kioo. "Panda wewe, mama," akamwambia. Yeye akaviringisha kitambaa cha dada yake, akakiweka kichwani, akaichukua ile ndoo, akaenda nyuma kwenye mapipa.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Kioo alibeba maji kichwani. Yalimmwagikia mabegani. Yalimmwagikia machoni. Shingo ilimtetemeka, ndoo ikamlemea, akasimama njiani kupumua, akaendelea. Aliporudi mbele, barabara ilikuwa imeshajaa watu. Fundi wa nguo alikuwepo, mama wa duka la dawa alikuwepo, kinyozi alikuwepo. Jirani mmoja, katika kutafuta la kusema, akamuuliza, "Kioo, leo na wewe umegeuka fundi wa chini?"

Kioo akajibu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Leo mimi ni wa kubeba maji. Na kioo chote mlichowahi kunisifia kilioshwa na dada yangu."

Hakuna aliyecheka. Akakanyaga mguu wa ngazi. Binti akaosha, na yeye akamwelekeza kutoka chini, kulia kidogo, hapo, rudia, usiruke kona. Dirisha lilipokauka, lilikuwa safi kabisa. Ndani kilionekana kitanda, na juu yake shuka lililokunjwa.

Hapo ndipo Kioo alipopiga magoti mbele ya ndoo. Binti alikuwa bado juu ya ngazi, na ndiye aliyetupa maneno haya. Alimsikia mjomba wake akiiambia ndoo:

"Ndoo, mwambie aliye juu. Mwambie maji ni mazito. Sikujua."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa binti wa marehemu. Tunatoa pole kwa ndugu, kwa majirani, na kwa wote waliokuwa kwenye mzunguko wa Bi Ndoo. Tunakupa pole wewe, Kioo. Neno umelirudisha barabarani, na watu wamesikia. Mungu amlaze dada yako mahali pema.

Na sisi tuliobaki, tujiulize. Kila mmoja wetu yuko juu ya ngazi fulani, na kuna mtu ameikanyaga mguu isiteleze. Unamjua. Usimwachie ndoo salamu zako, mwambie mwenyewe, tena leo. Na ukitoka nje asubuhi ukaona dirisha la mtu linang'aa, na fundi yuko kule juu anafuta, msalimie. Kisha teremsha macho, usalimie na chini.