Tafadhali Rudia

Mwanafunzi wa kiti cha nyuma alijifanya anasoma. Mbele yake mama mshonaji aliisema vibaya kampuni kubwa iliyoushika mji wao mpaka basi zima likasikia. "Sabuni yao, umeme wao, king'ora chao ndicho kinachoniamsha! Ukiwapigia, unajibiwa na mashine: taja shida yako, tafadhali rudia. Mtu mzima nabishana na mashine!"

"Mi-mimi mashine hiyo imenilea, mama," alisema binti wa pembeni, shati limenyooshwa hadi kola inang'aa. "Nina kigugumizi. Watu hunimalizia maneno. Ile mashine inangoja, nikikwama inasema nirudie. Nimerudia mwaka mzima. Leo wananifanyia usaili, niwe mpokea simu wao."

"Wakikucheka je?"

"Wa-wacheke, mradi wangoje."

Lango la kampuni likatokea. Mshonaji akafungua kinywa amwitie dereva; binti akamshika mkono kumzuia.

"De-de..." Lango lilikuwa linapita. "De-de... Dereva, nashuka hapa!"

Basi likafunga breki. "Mimi bado siwapendi," mshonaji alipiga kelele dirishani, "lakini nenda kawajibu, mwanangu!"

Mwanafunzi naye akashuka mbio. Kilikuwa kituo chake pia; kila siku basi humpitisha hapo kwa kuwa huona haya kumwita dereva.