Moto wa Nyumba ya Nagakura

Mheshimiwa Meya, Mwenyekiti wa kijiji, Fundi Mkuu Sugimori na vijana wako, Shangazi yangu Kiyono mwenye miaka tisini na mmoja, ndugu wageni waalikwa:

Mmekuja kuisifu nyumba aliyoijenga babu wa babu yangu mwaka 1858. Isifuni! Boriti za paa zimefungwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, ili theluji ikilemea, nyumba iyumbe kidogo lakini isivunjike. Ila ni nani aliyetaka kuibomoa? Ni mimi hapa, Shunpei, mrithi wake.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilizima moto wa meko ya sebuleni. Jamani, nilichoka kukohoa! Nikanunua jiko la gesi. Shangazi akaniambia, "We Shunpei, moshi unakuudhi wewe, lakini ndio dawa ya paa." Nikacheka: "Shangazi nawe, hayo mambo ya kale!" Basi bila moshi unyevu ukaingia, wadudu wakala nyasi za paa, paa likabonyea. Nikahama, nikaita wabomoaji.

Kabla hawajafika, Fundi Sugimori alipanda juu, akagonga boriti moja moja, akashuka mweusi kwa masizi. "Mbao nzima kabisa," akasema. "Zilizokufa ni nyasi. Na muuaji namjua." Nikawapigia wabomoaji wasije.

Desturi yetu mnaijua: paa la mmoja huezekwa na wote, nawe zamu ya mwenzako ikifika, unakwenda. Mimi je, nilikwenda kwa nani? Kila mwaka nilikuwa na udhuru. Asubuhi ile ya Mei ya kuezeka paa langu upya nilitarajia watu watatu. Mkaja themanini na sita, mmebeba nyasi mabegani. Bwana Mizoguchi, uliyeniita mvivu mbele ya kadamnasi, ndiwe uliyetangulia kupanda ngazi. Nililia, sifichi.

Paa sasa ni jipya, lakini bila moshi litaoza tena. Jiko la gesi nimelitoa. Nimerudi kuishi humu, na kila alfajiri nitakoka moto. Mwakani zamu ni ya Bwana Mizoguchi, nami na miaka yangu sitini na saba mtanikuta juu ya paa lake.

Leo nilimwomba Shangazi awashe moto wa kwanza. Amekataa katakata. "Ulizima mwenyewe," kasema, "washa mwenyewe."

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Shangazi, naomba kiberiti. Na nyinyi wengine, jiandaeni kukohoa.