Msinipitishe Barabarani

Sogeeni, wanangu. Shaaban, niinue kidogo. Nawe Mwantum, nyamaza kwanza, maana sauti yangu imekwisha na sitaweza kurudia.

Shamba la bondeni ni lenu nyote wawili, limeni pamoja. Mbuzi ni wa mama yenu, asiwaguse mtu. Lakini nililowaitia hasa ni barabara hii ya Wajerumani inayopanda mlima wetu hapa Busi.

Kabla yake palikuwa na njia ya ng'ombe, imefunikwa na vichaka, na ukoo wetu peke yake ndio uliojua inapoanzia. Huko juu ndiko tulikoficha mifugo kila askari wa boma walipokuja kunyang'anya. Nilimwonyesha mtu mmoja tu, Khamisi, kwa kuwa tulichanjiana, tukalishana ini lililopakwa damu zetu, na ndugu wa kuchanjia hafichwi kitu. Basi Mzungu alipotafuta pa kupitisha barabara, Khamisi huyo huyo akamtangulia kwenye njia yetu, akamfikisha mpaka zizini. Akapewa unyapara. Ng'ombe wakaswagwa wote, na kaka yenu Halfani, aliyekuwa akiwachunga, akafungwa kamba akapelekwa kuvunja mawe. Jabali likamwangukia pale kwenye kona. Nilikwenda kuomba mwili nikamzike, Khamisi akaniambia, "Kazi haisimami." Wakamfukia kwa kifusi na barabara ikapita juu yake.

Iliniuma, wanangu, na inaniuma mpaka leo kuliko ugonjwa huu. Mjerumani hakuwahi kula kwangu. Khamisi alikula.

Mnamsikia anavyokohoa hapo nje? Amekaa tangu asubuhi, anangoja haki yake, maana kwa desturi ndugu wa kuchanjia ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mwenzake. Asishuke. Shuka wewe, Shaaban, unipokee.

Makaburi yetu yako juu, nanyi mtaambiwa barabara ndiyo nyepesi. Msinipitishe huko. Nipandisheni kwenye mawe, mikononi, mkichoka nitueni mpumzike... sina haraka. Sitaki kubebwa juu ya mwanangu.

Mungu awape mvua, awape watoto watakaowazika... Maji, Shaaban. Yanatosha.

Mwantum, mwambie Khamisi... hapana, usimwambie kitu. Mpe uji, ni mgeni. Kisha mfungulie mlango wa ua aende.