Kesho Asubuhi Hatapiga Syokau

Wasikilizaji wapendwa, ni Alhamisi, saa tatu na dakika tano asubuhi. Sogea karibu na redio. Kama una presha na unatibiwa kwenye ile kliniki ya Dagoretti Corner, sogea zaidi. Kama mgonjwa ni mama yako na yuko jikoni, mwite.

Leo namkumbuka Syokau Mwololo, muuguzi. Aliaga dunia Jumapili iliyopita akiwa na miaka arobaini na saba. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Syokau Mwololo, muuguzi wa Dagoretti Corner, ametutoka.

Uso wake huenda umeusahau. Sauti yake unaijua. Kila Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi, simu yako huita, na mwanamke hukuuliza: "Habari ya asubuhi. Ni Syokau. Umemeza dawa?" Kama umemeza, unabonyeza moja. Kama hujameza, au dawa zimeisha, unabonyeza mbili. Wagonjwa elfu moja na mia moja hupokea simu hiyo. Mimi ni mmoja wao, na nakiri kwamba kuna siku nimebonyeza moja na vidonge viko bado kwenye pakiti. Mungu anisamehe.

Syokau alizaliwa Makueni. Alisomea uuguzi, akafanya kazi kliniki ya Corner miaka kumi na minne. Kisha kampuni ndogo kule Hurlingham ikamwajiri. Walitaka kutengeneza huduma ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha kumeza dawa. Vijana wa ofisi ile walizijua kompyuta vizuri sana. Hawakuwajua wagonjwa.

Huduma ya kwanza ilikuwa esemesi. Ilisema hivi: "Mpendwa mteja, kumbuka kumeza dawa zako. Jibu NDIYO kwa nambari hii." Syokau mwenyewe aliisoma, akaipitisha.

Sasa niambie, msikilizaji. Nani katika Nairobi hii hupokea ujumbe wa "Mpendwa mteja" kutoka kwa nambari asiyoijua, akajibu NDIYO? Sisi ndio watu tunaotumiwa na matapeli "ile pesa tuma kwa hii namba." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wagonjwa walizifuta zile esemesi, wakajipongeza kwamba wamewakwepa matapeli.

Mmoja wao ni Bi Mishi, fundi cherehani wa Biashara Street. Alifuta ujumbe miezi mitatu. Dawa zikaisha, akajiona mzima, hakurudi kliniki. Kiharusi kilimpata dukani, mkasi mkononi. Alipona, lakini mkono wa kulia haujarudi sawa mpaka leo. Fundi cherehani, wasikilizaji. Mkono wa kulia.

Syokau alikwenda kumwona nyumbani kwake, Kawangware. Jana Bi Mishi alinisimulia. "Alinionyesha ujumbe ule akaniuliza, 'Bi Mishi, hukuuona?' Nikamwambia, nimeuona mwanangu, nikaufuta. Mimi si mteja wa mtu. Wezi ndio waniitao mpendwa. Anijuaye huniita kwa jina langu. Basi akalia, maskini. Halafu akaniuliza, 'Ungetaka nikukumbushe vipi?' Nikamwambia, nipigie. Nisikie kuwa ni wewe."

Athman, kijana wa Mombasa aliyeandika programu yenyewe, anakumbuka siku iliyofuata. "Aliingia ofisini hata hakuketi. Akasema, 'Hii kitu yetu imeumiza mtu. Tunaanza upya.' Mimi nikajitetea. Nikamwambia, dada, kompyuta yaonyesha ujumbe wote umefika. Akaniuliza, 'Umefika kwa nani?'"

Wafadhili wa huduma hiyo, kwenye ghorofa moja huko Westlands, walitaka programu ya simu janja, yenye michoro na rangi. Syokau hakubishana nao. Aliwaalika kliniki asubuhi moja, akawaketisha kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Foleni ilikuwa ya watu ishirini. Simu janja zilikuwa nne, na moja kati ya hizo ilikuwa ya mjukuu. Michoro ikaishia hapo.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa simu ya saa moja asubuhi. Sauti ilirekodiwa, ndiyo, lakini Syokau aliweka masharti mawili. La kwanza: mgonjwa hatoki mlangoni kabla simu yake haijaita. Muuguzi anapiga palepale, mgonjwa anapokea huku anamtazama, kisha nambari inahifadhiwa kwa jina alitakalo mgonjwa. Bi Mishi alimwandika "Mwanangu Nesi." Kuna mzee alimwandika "Polisi." Mimi nilimwandika "Mama Dawa," mke wangu akaliona, na siku hiyo tuliongea kwa kirefu.

Sharti la pili: ukibonyeza mbili, mwenye sauti anakupigia mwenyewe kabla ya saa sita mchana. Mume wake, Bwana Kiilu, hafichi kitu. "Nilikuwa naskia vibaya, siwezi kudanganya. Tuko kwa meza, simu inalia, yeye huyo ameenda. Chakula yake ilikuwa inapoa kila wakati. Sasa nyumba imenyamaza, na hiyo ndio mbaya zaidi."

Aprili mwaka huu, Syokau aliambiwa ana saratani ya kongosho. Alijua muda ni mfupi. Athman alimwambia, kwa nia njema, kwamba rekodi ipo, na inaweza kuendelea kupiga miaka na miaka. Syokau alikataa katakata. "Na mtu akibonyeza mbili, nani atampigia? Mimi nikiwa kwa kaburi?"

Lakini kulikuwa na hatari nyingine, na ndiyo iliyomnyima usingizi. Wagonjwa elfu moja na mia moja wakisikia sauti ngeni kwenye nambari ileile, watafanya nini? Watakata. Watasema matapeli wameiba laini. Wengine wataacha dawa, na tunajua Bi Mishi yalimpata yapi.

Basi akamchagua muuguzi mwenzake wa kliniki, Maurine, akamfundisha akiwa kitandani. "Usisome. Ongea, kama unamuulizia jirani." Maurine alirekodi mara tisa ndipo Syokau akaridhika. Kisha akamtuma Bwana Kiilu kwangu na ombi moja: wagonjwa waambiwe na mtu wanayemjua, kabla sauti haijabadilika.

Jumanne wiki hii, siku mbili baada ya kifo chake, simu iliita kama kawaida. Athman anasema hakuwa na moyo wa kuizima ile rekodi. Bi Mishi alikuwa ameshapata habari za msiba. "Nililiona jina lake kwenye simu. Nikapokea, nikamwitikia. Nikameza, nikabonyeza moja, nikalia sana." Mimi pia nilipokea. Sioni haya kusema nililia, na siku hiyo nilimeza kweli.

Syokau atazikwa Jumamosi, Makueni. Bwana Kiilu, watoto, na mama mzazi mliobaki: poleni sana kutoka kwetu sote. Nawe unayetengeneza chochote cha kutumiwa na watu, iwe simu, iwe choo cha stendi, jiulize lini mara ya mwisho uliketi nao kwenye benchi. Tafakari hilo leo.

Sasa sikilizeni vizuri. Kesho Ijumaa, saa moja asubuhi, simu itaita. Nambari ni ileile. Sauti itakuwa nyingine. Narudia: nambari ni ileile, sauti ni nyingine, na ukibonyeza mbili atakupigia. Usikate. Huyo ni Maurine, na niko naye hapa studio. Hajazoea redio, mvumilieni.

Maurine, karibu. Wagonjwa wote wanakusikia.

"Habari ya asubuhi. Ni Maurine. Syokau ndiye amenituma kwako. Umemeza dawa?"