Mchimba Kaburi Aliyekataa Kupimwa

Asalaam aleikum. Wenzetu, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Wengi hapa Kimamba mnanijua kwa kazi ambayo hamtamani kunihitaji. Mtu akifa, naitwa nije na kamba yangu. Nampima kichwa hadi wayo, kisha naenda na vijana makaburini, kule pembeni ya mashamba ya zamani ya mkonge. Marehemu baba alinifundisha mwiko mmoja: kamba isimpime aliye hai. Sikumuuliza sababu.

Basi nikaanza kuota tumbo. Watu wakisema, "Mzee, mambo si haba!" nami nacheka, naongeza sukari kwenye chai. Halafu shingo ikawa nyeusi. Si weusi wangu huu, hapana. Weusi mzito, kama udongo umeganda kwenye mikunjo. Mke wangu akanisugua kwa dodoki mpaka nikapiga kelele, wapi! Ukaingia na makwapani. Ndugu zangu, nawaambia kweli, niliogopa. Nikasema moyoni, huu ni udongo wa kule makaburini. Umenizoea, sasa unanipanda.

Wauguzi wakaja sokoni kupima watu bure. Mke akanivuta. Nesi, binti mpole tu, akasema, "Shikamoo baba, nyoosha mikono." Kufumba na kufumbua, amenizungushia tumboni ile futi ya mafundi cherehani. Nikakumbuka kamba yangu na ule mwiko wa baba. Nikajiona nimeshalazwa kaburini. Nikaichomoa nikaondoka, sikuaga mtu. Watu walicheka sana, ila mke wangu hakucheka.

Hazikupita siku nyingi jirani yetu akafariki. Tukachimba. Adhuhuri nikashuka kuweka sawa mwanandani, ule uwazi wa ubavuni anamolazwa maiti. Nikainama. Mkono wa kulia ukagoma kuinuka. Nikataka kuita, ulimi mzito, mdomo umekwenda upande. Nikaangukia humo humo. Na nilienea, jamani! Juu naona kipande cha mbingu na vichwa vimeinama, kimya. Udongo ukanidondokea kifuani. Nikasikia mmoja anaanza, "Innalillahi..." Nataka kusema nipo, sauti haitoki. Nikaamini wananifukia.

Nilipokohoa, wawili wakatoka mbio. Msicheke, hata mimi ningekimbia! Waliobaki wakanitoa, wakanipakia bodaboda, mmoja kanishika nyuma, mpaka hospitali, Kilosa. Njiani mdomo ukaanza kurudi.

Daktari alinisikiliza habari za udongo mpaka mwisho. Akasema, "Baba, huo si udongo. Mwili wako hauitumii sukari vizuri, shingo ilikuwa inakwambia. Tumbo, presha, sukari, mafuta kwenye damu, kila kimoja kimepanda taratibu, huumwi popote. Vikikutana ndipo vinapouharibu moyo na ubongo. Leo ubongo wako umekosa damu kwa muda mfupi tu. Safari nyingine huenda usirudi."

Nikamuuliza, "Nani kanitumia ugonjwa huu?"

"Hakuna aliyekutumia, baba. Nyumbani unakula nini?"

Nikalitazama tumbo langu. Afadhali angenitajia mchawi, mchawi ningemhama.

Sasa nameza dawa kila siku. Ugali umekuwa kidogo, mlenda na mchicha ndio mwingi, soda nazitazama tu kwa wenzangu. Alfajiri natembea kandokando ya reli. Weusi umefifia, haujaisha. Na kuna siku nikiinama mkono unapata ganzi, nasimama kwanza, nasikiliza. Hofu ile haijaniacha, na sitaki iniache.

Nawashukuru vijana wangu, hata wale waliokimbia. Namshukuru yule nesi. Nilimfuata nikamwomba radhi, akanipima, nimefumba macho. Mke wangu yule pale nyuma. Siku ile walimpelekea habari kwamba nimekufa, akaangua kilio cha msiba. Aliponikuta hospitali nimekaa kitandani, akanitukana mbele ya wagonjwa wote. Wallahi, sijawahi kusikia maneno matamu kama yale.

Nami ninalo neno moja kwenu, hasa nyie wenye matumbo mnaojikunyata kule kwenye kona. Nimepima watu wengi maishani mwangu, wakubwa kwa wadogo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza amepata ngapi. Nendeni mkapimwe na mtu mnayeweza kumuuliza.