Fundi Jamaldin na Jiwe la Kizingiti

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Fundi Jamaldin Hussam ataweka chini mwiko na timazi baada ya miaka thelathini na sita katika karakana yetu ya kukarabati nyumba za Mji wa Kale. Aliingia kuchanganya chokaa. Anaondoka fundi mkuu. Mimi mpika chai wake tangu nisikie habari hii situlii, naosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Kazi zake zimejaa mtaani Kuze, baraza na ngazi. Kawaida yake hagongi jiwe kabla ya kulipapasa kwa kiganja. Wenzake humtania kwamba analipima homa. Na mandazi yangu huyapapasa vivyo hivyo.

Lakini nitakalo kulisema ni la mwaka 2019. Binti yangu Shifa alikuwa anaolewa, na nyumba ya kina bwana harusi ilikuwa mikononi mwetu. Zimebaki siku tisa, kizingiti kikakwanguliwa saruji. Jiwe lililokuwa chini yake lina mistari imejipinda, inafuatana, mfano wa khati ya Kiarabu. Huyu akasoma herufi za lam-alif, yule akaona talasimu ya kinga. Mkwe wangu Bi Maisara, mamake bwana harusi, akashika kichwa: ikiwa ni jina la Mola, watu wamelikanyaga miaka yote. Akasema harusi ingoje mpaka ijulikane. Kadi zishatoka, na mwanangu ananiuliza kwa macho tu. Nilikuwa natia chumvi kwenye chai.

Fundi Jamaldin alilifunga jiwe kwa kitambaa safi, akaliweka juu. Siku tatu hakushika kazi nyingine. Alilimwagia maji, akalitazama juani, akanakili mistari kwa mkaa akampelekea maalim. Maalim akasema inakaribia herufi, haifiki. Fundi akaenda pwani ya Liwatoni kwa Gunga mzamiaji, akaambiwa mistari hiyo iko hai chini ya maji, kwenye matumbawe, ndiyo mawe yaliyojengea nyumba zetu. Bi Maisara akajibu kwamba Gunga hajui kusoma.

Siku ya nne Fundi alituita sote. Uso wenye mistari hakuugusa, kwa adabu. Aliingiza msumeno ubavuni, akalikata jiwe kama mtu akatavyo mkate. Likafunguka. Ndani mistari ni ile ile.

"Bi Maisara," alisema, "mkono wa binadamu huandika juu ya jiwe. Hii imo mpaka ndani. Jiwe limeota hivi."

Bi Maisara akalipapasa kwa kiganja, kama afanyavyo Fundi. Akasema harusi iwe siku yake, ila jiwe lisirudi miguuni. Fundi akakubali, leo kipande kimoja kiko juu ya mlango ule, na wajukuu zetu wawili hupita chini yake wakikimbia. Cha pili alinipa mimi, ndicho nawekea birika.

Fundi, kwa mawe yote uliyoyapapasa na nyoyo ulizozituliza, ahsante. Mola akupe afya, usingizi mzuri na mikono isiyouma. Chai ni saa nne, kama siku zote. Kikombe chako simpi mtu.