Clement Ruddock na Mechi ya Juni

Marehemu Clement Edwin Ruddock alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Mei 1947, mjini Wexcombe, mtoto wa pekee wa fundi saa Edwin na mkewe Mabel. Mama yake alizoea kusema kwamba alichelewa kuzaliwa siku kumi na moja, na tangu hapo hakuchelewa tena popote.

Alisoma shule ya kanisa la Mtakatifu Oswin, kisha sekondari ya wavulana hapa hapa mjini. Aliadhibiwa mara moja tu, Juni 1961, kwa kutoroka somo la hesabu akaitazame timu ya kaunti yake ikicheza kriketi. Mwalimu alimkuta uwanjani lakini hakumrudisha darasani, maana naye alikuwa ametoroka.

Mwaka 1965 aliajiriwa na kampuni ya mabasi, akapanga ratiba zake hadi alipostaafu mwaka 2007. Basi likisogezwa dakika nne, Clement alibandika tangazo kituoni wiki sita kabla, halafu akapanda baiskeli kwenda kumwambia ana kwa ana bibi mmoja wa Nether Coombe ambaye macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Alisema ratiba ni ahadi, na anayeivunja bila kubisha hodi ni mwizi wa mchana.

Alifunga ndoa na Thelma Garland tarehe 28 Septemba 1974. Tarehe aliichagua yeye, kwa kuwa msimu wa kriketi ulikuwa umekwisha. Miaka ilipopita, mechi zile ndefu za siku nne zikaanza kusukumwa pembeni, nyingine Aprili watu wakitetemeka, nyingine mwisho wa Septemba giza likiwahi kuingia. Miezi ya jua ikapewa michezo ya haraka, yenye fataki na muziki wa kupasua masikio. Mwaka mmoja kumbukumbu ya ndoa yao ikaangukia katikati ya mechi. Thelma aliifungua chupa ya mvinyo kwenye viti vya uwanjani, amejifunika blanketi, akamwambia mumewe, "Mzee, mimi niliolewa nikiambiwa mchezo umekwisha."

Clement aliwaandikia wakubwa wa kriketi barua thelathini na moja. Zote zilijibiwa kwa maneno yale yale, kwamba maoni yake yanathaminiwa sana. Rafiki yake Wilf Pask, aliyekaa naye kiti kwa kiti miaka arobaini, alimshauri aache kupoteza stempu. Clement alimjibu kwamba hata mabomba ya maji taka hupokea kila kitu bila kubagua, ila hayaandiki barua ya shukrani.

Machi mwaka huu, 2023, aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Alipangiwa upasuaji tarehe 27 Juni. Aliitoa ratiba ya kriketi mfukoni, akaiangalia, na ndani ya chumba kile cha daktari akafanya kosa ambalo ni watu wa viti vile vya uwanjani tu wangelifanya. Kuanzia tarehe 25 hadi 28 Juni kaunti ilikuwa inakuja kucheza Wexcombe, mechi pekee ya siku nne ya kiangazi katika uwanja wetu mdogo. Akaomba asogezewe. Daktari alimwonya kwamba uvimbe hausubiri mtu. Walipofika mlangoni kwao Thelma akasema, "Clem, ni mchezo tu."

"Ni siku nne tu," alisema Clement.

Akapewa tarehe 1 Agosti. Wiki tatu baadaye mechi ikahamishwa hadi tarehe 19 Septemba, kupisha mchezo wa haraka utakaoonyeshwa kwenye televisheni. Clement alipiga simu hospitali siku ile ile kuomba nafasi yake ya Juni, lakini ilikuwa imeshachukuliwa na mgonjwa mwingine. Agosti madaktari walimfungua, wakaona uvimbe ulivyosambaa, wakamfunga bila kuutoa.

Tarehe 19 Septemba binti yake Lorna alimpeleka uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wilf alishika mwavuli, Thelma akagawa mikate ya mayai, na Clement akaliweka daftari lake la alama magotini, penseli zimechongwa. Saa kumi alasiri waamuzi walitangaza kwamba hakuna mchezo. Siku tatu zilizobaki zilikuwa vivyo hivyo. Hakuandika hata alama moja. Alifariki dunia nyumbani Jumapili, tarehe 24 Septemba, saa tatu asubuhi.

Alikuwa ameomba achomwe, na majivu yake yamwagwe uwanjani Wexcombe mwakani, mechi ikiwa kwenye mapumziko ya chakula cha mchana, saa ile watazamaji huruhusiwa kukanyaga nyasi. Jumatano iliyopita ratiba ya mwaka ujao ilitoka. Wexcombe haikupewa mechi hata moja. Thelma aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Basi tumzike. Hawa watu siwasubiri tena." Ndiyo maana tumesimama hapa, kwenye udongo.

Ameacha mjane wake Thelma, binti yake Lorna, mkwewe Graham, wajukuu Piers na Tamsin, na Wilf Pask, ambaye si ndugu wa damu lakini hajui atakaa na nani.

Pumzika, Clement. Tarehe hii hawataisogeza.